Sura ya Tisa: Kompyuta Inayoganda Ovyo

Kompyuta isiyowaka kabisa haimsumbui sana fundi, kwa sababu ubovu wake umetulia palepale ukingoja kupimwa. Inayotesa ni ile inayofanya kazi vizuri asubuhi nzima, kisha katikati ya barua au hesabu inaganda: kipanya hakisogei, kibodi haiitikii, na haibaki njia ila kushikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime. Ikiwashwa tena hukaa siku kadhaa bila neno. Fundi asiye na subira hupiga Windows upya, hulipwa, na wiki inayofuata mashine hurudi mezani kwake.

Fundisho la sura hii ni moja: kuganda hakuna saa, lakini kuna mazingira yake. Yatafute mazingira hayo kabla ya kununua kifaa chochote.

Data kwanza, kisha daftari

Kabla ya kushika bisibisi, nakili mafaili ya mwenye mashine kwenye diski ya nje. Huenda kinachoigandisha ni diski inayokufa, na kila jaribio juu yake linaweza kuwa la mwisho. Ramu inauzwa dukani. Picha za harusi na hesabu za biashara za miaka mingi haziuzwi popote.

Kisha mpe mwenye mashine daftari. Kila inapoganda aandike saa, programu iliyokuwa wazi, kama feni ilikuwa ikivuma, na kama taa za nyumba zilififia. Kurasa mbili za daftari hilo humwonyesha fundi pa kuanzia.

Mashine ikiganda mbele yako, usikimbilie kuizima. Bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiitikia, mfumo bado uko hai. Pengine iliyokwama ni programu moja, au dreva ya skrini. Kwenye Windows 10 na 11, vitufe vya Windows, Ctrl, Shift na B vikibonyezwa pamoja huianzisha upya dreva hiyo. Taa isipoitikia, na sauti ikanasa kwenye mlio mmoja, mfumo mzima umesimama: shuku ramu, umeme, joto au dreva. Kipanya kikisogea lakini hakuna kinachofunguka, huku taa ya diski ikiwaka bila kupepesa, shuku diski.

Tenganisha programu na vifaa

Weka Linux, kwa mfano Ubuntu, kwenye flashi. Chomoa waya wa diski ya ndani, washa mashine kwa flashi hiyo, na itumie saa nyingi kama inavyotumika siku zote. Ikiganda, Windows haina hatia na diski haina hatia. Ubovu uko kwenye ramu, umeme, joto, kadi ya skrini au madabodi. Isipoganda, rudi kwenye diski, dreva na virusi. Jaribio hili halina gharama, na hupunguza washukiwa karibu nusu.

Ndani ya Windows, Event Viewer huhifadhi kumbukumbu za matukio. Wengi wakiona Kernel-Power 41 husema pawa saplai imekufa. Tukio hilo linasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa ipasavyo, na wewe mwenyewe uliposhikilia kitufe ulilisababisha. Soma yaliyoandikwa dakika chache kabla yake. Makosa ya diski au ya dreva yanayojirudia ndiyo ushahidi.

Washukiwa wanne

Joto. Toa vumbi kwa blowa ukiwa umezuia feni kwa kidole isizunguke ovyo, na ubadilishe grisi ya prosesa iliyokauka. Prosesa za kisasa hujipunguzia kasi zinapokaribia nyuzi 100, na zikizidi huzimika. Kwa hiyo mashine inayozidi kuwa nzito kisha kuzimika inalalamikia joto. Inayoganda ghafla ikiwa bado baridi ina tatizo jingine.

Ramu. Sehemu moja mbovu ya ramu inaweza kukaa siku nzima bila kuguswa, kisha mfumo ukaweka hapo jambo muhimu na kila kitu kikasimama. Ndiyo maana kuganda huonekana hakuna mpangilio. Chomoa ramu na uirudishe mpaka vishikizo vilie, halafu endesha MemTest86 usiku kucha. Kosa hata moja halivumiliwi. Ukiona makosa, jaribu kipande kimoja kimoja, na kila nafasi kwa zamu yake, kwani nafasi nayo huharibika.

Diski. Ikishindwa kusoma sehemu fulani, diski hujaribu tena na tena, na Windows huisubiri. Kusubiri huko ndiko mtumiaji anakokuona kuganda. CrystalDiskInfo huonyesha idadi ya sehemu zilizokwisha kuhamishwa na zinazosubiri kuhamishwa. Zikiongezeka, badilisha diski. Anza na waya wake wa SATA, maana ni rahisi na huchakaa.

Umeme. Mashine nyingi za mezani kwetu zimeingia zikiwa zimekwishatumika nje, na kapasita zake zimezeeka. Kapasita iliyovimba kichwa au kuvuja hubadilishwa bila mjadala. Pima pawa saplai mashine ikiwa kazini: laini ya volti 12 iwe kati ya 11.4 na 12.6, ya volti 5 iwe kati ya 4.75 na 5.25. Hata hivyo mita haioni mshuko wa kufumba na kufumbua, kwa hiyo kipimo cha uhakika ni kuazima pawa saplai nzima. Usifungue kasha la pawa saplai bila utaalamu: ndani mna kapasita zinazoweza kuhifadhi zaidi ya volti 300 hata plagi ikiwa imechomolewa. Kagua pia ekstensheni na soketi ya ukutani.

Kitu kimoja kwa kila jaribio

Ukibadilisha ramu, ukapiga Windows na kusafisha feni siku ileile, mashine ikapona, hujui kilichoiponya, na utamtoza mteja kifaa asichokihitaji. Badilisha kitu kimoja, andika, subiri kwa muda unaozidi ule iliokuwa ikikaa bila kuganda, ndipo uendelee. Mteja akikuharakisha, mweleze sababu ya kusubiri. Na usimuuzie kifaa kabla ya kuthibitisha kwamba kile chake kimekufa.