Mbirimbi wa Uani

Mbirimbi hauhitaji shamba. Mbegu moja katika pembe ya ua yenye jua yatosha. Ajabu yake, matunda huzaa yakishikana na shina lenyewe. Ukali wake hukunja uso, ndipo mama zetu wakayaanika kwa chumvi na pilipili yakawa achari, au wakatia machache katika mchuzi wa samaki badala ya ndimu.

Lakini wako wakamuao bilauri nzima wakainywa kuwa dawa ya sukari. Hilo, enyi dada zangu, tulikataze. Tunda hili lina asidi ya oksaliki nyingi, na huko Kerala, India, wanywaji wa maji yake walifeli figo, baadhi wakasafishwa damu kwa mashine. Mwenye maradhi ya figo asiionje hata achari kabla ya kumwuliza tabibu.