Mchumba hana viza: mbele ya kusema "tutaenda wote wawili"

Wandugu, kila mara mwenzetu anapopata kazi inchi ingine, watu hawaanze na swali la mshahara. Wanauliza: "Na muchumba? Unamubeba ao unamuacha?" Unasikia kama vile muchumba ni valizi.

Mimi nilipata swali hilo siku kampuni moja ya mbegu iliponitumia kontra ya kufanya kazi Mbeya, kusini mwa Tanzania. Miaka 2 mu mashamba ya mbegu za mahindi, na tarehe ya kuanza ilikuwa imebakia wiki 7 tu. Niko mwanamke, niko na lisanse ya agronomia. Mchumba wangu ni avoka, yuko anafanya staji ya baro Lubumbashi. Bukwe walikuwa wameshapokelewa kwetu, lakini mali ilikuwa haijatolewa. Nikajibu kampuni kwa furaha kwamba ninakuja, na ninakuja na mchumba wangu. Mama mmoja wa ofisi yao akaniandikia kwa Kiswahili kizuri cha Tanzania: "Hongera sana. Tunaomba utume na cheti cha ndoa." Nikasoma mara tatu. Hapo njo nilianza kujifunza mambo ninayoandika hapa.

Jambo la kwanza: mbele ya sheria, mchumba ni nani? Hata kwetu Kongo, Code ya familia ya mwaka 1987 inasema uchumba ni ahadi ya kuoana, na ahadi hiyo hailazimishi mtu kuoa wala kuolewa. Basi kama sheria yetu yenyewe inaona uchumba ni ahadi, afisa wa mpaka atauona namna gani?

Kule Tanzania, mgeni anayekuja kufanya kazi anahitaji karatasi mbili. Ya kwanza ni kibali cha kazi, kinachotoka kwa Kamishna wa Kazi kufuatana na sheria ya mwaka 2015, na mwenye kukiomba ni mwajiri. Ya pili ni kibali cha ukaazi daraja B, kinachotoka Uhamiaji. Mume ao mke, na watoto, wanaweza kuombewa pasi ya mtegemezi, inayosimama juu ya kibali cha yule anayefanya kazi. Hakuna fasi ya mchumba. Mchumba anaingia kama mgeni wa matembezi sawa na mtu yeyote, anahesabiwa siku zake, kisha anarudi.

Wengi wetu tulisikia kwamba Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, tukafikiri mpaka umekwisha. Mpaka bado uko. Protokole ya soko la pamoja, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inampa mfanyakazi haki ya kufuatana na mwenzi wake wa ndoa na mtoto. Mwenzi wa ndoa, wandugu. Na kati ya haki iliyoandikwa na dirisha la ofisi kuna vibali, malipo na fomu.

Kwetu tuko na ndoa tatu: ya nyumbani, ya Leta na ya kanisa. Shangazi yangu, yeye njo aliongoza mazungumuzo ya mali, kwake ndoa ni ile ya nyumbani na ingine ni mapambo. Pasta anafikiri tofauti. Lakini dirisha la Uhamiaji linasoma moja tu, ile ya Leta, yenye cheti, muhuri na sahihi ya afisa wa serikali. Unaweza kutoa mali yote, ukacheza siku mbili, ukaitwa "bukwe" na kartie nzima, na kwa karatasi bado uko célibataire. Ndoa ya nyumbani inaweza kuandikishwa kwa Leta, na sheria inataka iandikishwe, lakini wangapi wanaenda kuiandikisha?

Kitu kimoja wengi hawakijue, na kilituokoa. Sheria yetu inadai mali iwepo, ila haidai iishe yote mbele ya harusi. Inatosha sehemu yake iwe imetolewa kweli, na inaweza hata kuwa ya alama tu kama familia zimepatana. Mchumba wangu alimwonyesha shangazi kifungu hicho (ni 361, kwa wanaotaka kusoma). Shangazi akajibu: "Hiyo code njo ilimuzaa huyu mutoto?" Tulicheka, lakini alikubali sehemu ya kwanza ipokelewe na ingine ifuate, na walisaini karatasi mbele ya mashahidi. Musidharau karatasi hiyo. Komini inaweza kuiuliza.

Siku ya Leta utaulizwa pia kanuni ya mali ya ndoa. Ziko tatu: kila mtu na mali yake, kuchanga vile mutakavyopata ndani ya ndoa, ao kuchanga vyote. Watu wanachagua haraka juu wageni wako wanangoja inje. Kama mmoja atakuwa analipwa inchi ingine na mwenzake amebaki bila mshahara, chaguo lile si la kufanya umesimama na viatu vinakubana. Tulilizungumuza usiku mmoja kwa yaya wake, na tulipigana maneno kidogo. Heri usiku ule kuliko mbele ya afisa.

Sasa nije kwa jambo linaloniuma zaidi, na hili cheti cha ndoa hakilitatue.

Tuseme karatasi zote ziko tayari na mumeingia wawili. Wewe asubuhi unaenda kazini. Mwenzako anaenda wapi? Pasi ya mtegemezi inamruhusu kuikala, haimruhusu kufanya kazi. Akitaka kufanya kazi, anahitaji mwajiri wake na kibali chake. Na kuna diploma zinazovuka mpaka na zingine zinazobaki kwenye barrière.

Yangu inavuka vizuri. Mahindi ni mahindi. Lubumbashi tuko na majira moja ya mvua kutoka Novemba, na Mbeya vile vile. Kule ni juu zaidi, karibu metre 1,700, baridi ya mwezi wa sita inaingia mpaka mu mifupa, kwa hiyo mahindi yanachelewa kukomaa na unachagua aina zingine. Lakini kutenganisha shamba la mbegu na mahindi ya jirani ili chavua yake isiingie, kukata mbelewele za mstari wa kike kwa wakati, kupigana na viwavi vile vilivyoingia Afrika mwaka 2016, hayo yote nilikuwa nimeshayafanya nyumbani. Nilibadilisha majina tu. Hata Kiswahili! Siku za kwanza nilisema "bulongo" na vijana wa shamba wakaangaliana. Huku ni "udongo".

Diploma ya mchumba wangu haivuke. Sheria ya Kongo inatoka kwa Wabelgiji, ni sheria ya ma-code. Ya Tanzania inatoka kwa Waingereza, inaenda kwa njia ingine kabisa, na mahakamani hakuna anayekungoja na Kifaransa chako. Miaka 5 ya chuo, kiapo, joho jeusi, vyote vinabaki Kasumbalesa. Muuguzi, yeye anaweza kuvuka, lakini lazima aandikishwe kwanza na baraza la wauguzi la inchi ile. Muganga pia yuko na baraza lake. Mwalimu wa Kifaransa anaweza kupata shule inayomhitaji. Mwenye lisanse ya sheria ao ya uongozi wa umma, amefundishwa kuhudumia inchi moja.

Hata kwa sisi ambao diploma inavuka, kuna mtego. Wale wa mfumo wa zamani tulisoma miaka 3 ya graduat na 2 ya lisanse, jumla 5. Mtu wa mfumo wa Kiingereza akisikia neno "lisanse" anaweza kuhesabu diploma ya miaka 3. Beba relevé za cotes za miaka yote mitano, tafsirisha zote na mtafsiri anayekubalika, na kama mwajiri anataka, omba tume ya vyuo vikuu ya Tanzania itambue diploma yako. Mimi nilibeba diploma na relevé za miaka miwili ya mwisho. Dada yangu alizunguka chuo siku nyingi kunitafutia zile zingine. Bado ninamdai samahani.

Turudi kwa bwana. Usiku ule wa cahier alinipa hesabu yake. Staji ya baro ni miaka 2 na yeye alikuwa amebakiza miezi 8. Akiondoka sasa, anapoteza miezi 16 aliyokwisha kufanya, na anaenda kuikala mu nyumba Mbeya bila haki ya kufanya kazi. Kisha akauliza: "Siku ya kwanza ya juma, saa mbili ya asubuhi, mimi niko wapi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimefikiria nyumba, pazia, sufuria, hata paka. Sikuwa nimefikiria saa mbili ya asubuhi yake.

Ninafikiri wanaume wanaopata kazi inje wanasahau saa hiyo zaidi yetu. Bibi anaacha kazi ya muganga, ya shule, ya benki, na tunasema amefuata bwana, ni kawaida. Nilipopata kazi mimi, kawaida hiyo iligeuka haya. Baba mkubwa aliitisha kikao. "Mwanaume atafuata bibi mu inchi ya batu? Atakuwa analinda nyumba?" Mchumba wangu alijibu kwa heshima, lakini kwa sheria, njo kazi yake. Code ya 1987 ilisema mke anamfuata mume popote mume anapoona ni vizuri kuikala. Tena mke alihitaji ruhusa ya mume kwa mambo mengi ya sheria. Mwaka 2016 code ilibadilishwa: ruhusa ile iliondolewa, na sasa makao yanachaguliwa kwa mapatano ya wote wawili. Baba mkubwa akanyamaza. Kisha akauliza kama Mbeya kuna samaki. Nikajua tumepita.

Tulifanya hivi: mali sehemu ya kwanza, ndoa ya Leta siku ya kazi na wageni wachache, kanisa baadaye. Mimi niliondoka peke yangu na yeye akabaki kumaliza staji. Hatukuoana juu ya karatasi. Kama tungekuwa bado tunasitasita, ningeenda peke yangu bila kumtia mtu mu ndoa ya wiki 7, juu kontra inaisha na ndoa inabaki.

Na kontra inaisha kweli. Kibali cha kazi kinatolewa kwa miezi 24, kinaweza kuongezwa, lakini jumla yake iko na kikomo. Tena mwajiri anaonyesha mpango wa kumfundisha Mtanzania atakayeshika kazi yako. Kijana ninayemfundisha ni mwerevu, ninampenda, na ninajua anajifunza kuniondoa. Siku kibali changu kitaanguka, pasi ya bwana inaanguka pamoja nacho. Kwa hiyo tulikataa kuuza vitu vyake Lubumbashi.

Safari yenyewe sitairefusha. Kwa bus unapita Kasumbalesa, Kapiri Mposhi, kisha Nakonde na Tunduma. Zambia ni inchi ya katikati, haiko mu Jumuiya ya Afrika Mashariki, na iko na masharti yake ya kupita. Uliza mbele, usiulizie mpakani. Karatasi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mu mkono, isiwe chini ya bus. Na nenda konsulati ya Tanzania pale Lubumbashi na maswali yaliyoandikwa, juu ukifika dirishani utayasahau.

Sasa imebakia staji ya miezi 2. Tunazungumuza kila jioni, yeye akinihesabia dosye za ofisi na mimi nikimhesabia mbelewele. Kuhusu saa mbili ya asubuhi, wazo tuliloandika ni mizigo: malori mengi ya Katanga yanatoka bandari ya Dar es Salaam yanapita hapa Mbeya kwenda Tunduma, na mikataba inagongana kati ya Kifaransa na Kiingereza. Kampuni moja ya usafiri imemjibu kwamba inaweza kumwombea kibali. Inaweza. Bado haijaomba.

Na cheti cha ndoa? Kilitoka. Komini iliandika jina langu la katikati na herufi moja pungufu. Fomu za huku zinataka jina la kwanza, la kati na la ukoo, sisi tuko na nom, postnom na prénom, na kila ofisi inazipanga namna yake. Tena herufi ikikosekana, haisahihishwe kwa bic, inahitaji hukumu ya tribunali. Bwana amepeleka ombi. Anasema njo kesi yake ya kwanza ambayo mteja hamlipe.