Rafiki Akuchekaye Usoni

Mtu mwenye cheo ana wengi wa kumchekea, lakini wa kumcheka usoni hana. Akitoa mzaha usio na chumvi, wote huangua kicheko. Akikosea, wote hutazama chini. Basi leo nataka kuwasimulia habari za Mmarekani mmoja, mashuhuri sana kwa kuchekesha, ambaye amewaketisha kando yake watu wawili wasiomwogopa, nao humcheka mbele ya ulimwengu mzima.

Huyo ni Bwana Conan O'Brien. Alizaliwa mwaka 1963 katika mji wa Brookline, jimbo la Massachusetts, katika jamaa ya Wakatoliki wenye asili ya Ireland. Walizaliwa watoto sita, naye ni wa tatu. Baba yake alikuwa daktari na mama yake mwanasheria. Alimaliza masomo yake katika chuo kikuu cha Harvard mwaka 1985, akaanza kazi ya kuwaandikia wengine vichekesho. Mwaka 1993 akapewa kipindi chake mwenyewe katika televisheni, akawa anawahoji watu mashuhuri usiku kwa usiku. Kazi hiyo aliishika karibu miaka 28, mpaka Juni 2021.

Siku za taabu

Msidhani kwamba njia yake ilikuwa laini. Mwezi Juni 2009 alikabidhiwa kipindi cha usiku chenye sifa kuliko vyote katika kampuni ya televisheni ya NBC. Miezi saba tu ikapita. Kampuni ikataka kukisogeza kipindi chake kianze baada ya saa sita ya usiku, ili saa ile ya zamani arudi mtu aliyemtangulia. O'Brien akakataa, akaondoka Januari 2010. Katika mapatano ya kuagana alihakikisha kwamba wafanyakazi wake nao wanapata fungu lao. Na usiku wa mwisho hakumtukana mtu. Aliwasihi vijana wasiwe watu wa kudharau kila kitu, bali wafanye kazi kwa bidii na kuwatendea wenzao wema.

Rafiki zake ni nani?

Mwezi Novemba 2018 alianza jambo jipya, nalo ni mazungumzo yanayowekwa katika intaneti. Mtu huyasikiliza kwa simu wakati wowote atakao, na mengi siku hizi huonekana pia kwa picha. Aliyapa jina lenye maana kwamba Conan O'Brien anahitaji rafiki. Ni jina la mzaha, lakini lina ukweli ndani yake. Alikuwa amewahoji watu mashuhuri robo ya karne, kila mmoja kwa dakika chache mbele ya taa kali, kisha wakaagana. Je, miongoni mwao rafiki ni yupi? Sasa mgeni huketi naye karibu saa nzima, na kabla ya yote huulizwa anajisikiaje kuwa rafiki wa Conan O'Brien.

Lakini wasikilizaji wengi huwangojea wale wawili wanaokaa naye kila mara, kabla ya mgeni kuingia na baada ya kutoka.

Wa kwanza ni Bibi Sona Movsesian, Mmarekani wa asili ya Armenia aliyekulia California. Tangu mwaka 2009 alikuwa msaidizi wa O'Brien, yaani mtu wa kupokea simu, kupanga safari na kutunza ratiba. Mwaka 2022 alitoa kitabu ambacho jina lake lasema kwamba yeye ndiye msaidizi mbaya kuliko wote duniani. Humo aungama mwenyewe uvivu wake, hata kutazama televisheni mezani pa kazi. Wa pili ni Bwana Matt Gourley, mtengenezaji wa mazungumzo hayo, mpole wa sauti na mpenda vitu vya kale. O'Brien humtania kwa upole huo na kwa vikorokoro vyake. Naye hujibu polepole, na jibu lake hupiga penyewe.

Tukiwatazama hao watatu twaona kitu tunachokijua sana: utani. Mtani huweza kukuambia mbele ya watu neno ambalo mwingine akilisema ni ugomvi. Bibi Sona humwambia bwana wake kwamba anajipenda mno na kwamba maneno yake hayaishi. Bwana mwenyewe hucheka kuliko wote.

Je, ni biashara tu?

Pengine msomaji atasema: "Hao wanalipwa, kicheko chao ni cha kuuza." Ni kweli, ni biashara tena kubwa. Mwaka 2022 kampuni ya SiriusXM ilinunua kazi hizo, na magazeti yalitaja bei ya dola milioni 150. Tena mfanyakazi humtania bwana wake kwa sababu bwana ameruhusu. Siku akikataza, utani umekwisha.

Lakini kicheko cha kununuliwa hakidumu miaka mingi namna hiyo. Tena kuna jambo jingine. Mwaka 2015 O'Brien alisafiri na Bibi Sona mpaka Armenia, nchi ya mababu zake. Huko walicheza na kuchekesha sana. Lakini walipofika Yerevan, penye ukumbusho wa Waarmenia waliouawa kuanzia mwaka 1915, mzaha ulikoma, wakawaheshimu wafu. Mtani wa kweli ajua saa ya kunyamaza.

Tarehe 14 Juni 2024 Baba Mtakatifu Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, aliwakaribisha Vatikano wachekeshaji zaidi ya mia moja kutoka nchi mbalimbali, na O'Brien alikuwamo. Aliwaambia kwamba hata Mungu tunaweza kumcheka, kama vile tunavyotaniana na watu tuwapendao, bila kuumiza imani ya watu, hasa ya maskini. Kipimo hicho ni chepesi kukumbuka: kicheko cha upendo humwacha mtu akiwa mzima.

Sasa tutazame nyumbani kwetu. Baba wa nyumba, je, yuko mtu mezani pako awezaye kukuambia kwa kicheko kwamba leo umekasirika bure? Au wakisikia hatua zako, wote hunyamaza? Na ninyi vijana, mnapomtania mwenzenu kwa umaskini wake au kilema chake, je, naye anacheka? Kama hacheki, huo si utani, ni kumpiga mtu kwa maneno.

O'Brien amepata sifa na tuzo nyingi. Lakini maneno ya kumsifu angeyapata popote. Kumpata mtu wa kukuambia kosa lako huku anacheka, na kesho akarudi kuketi nawe, si jambo la kila siku. Ukiwa naye mtu wa namna hiyo, mtunze.