Mtoto Mwenye Sindromu ya Down: Ichunge Shingo Yake

Wazazi na walezi wa watoto wenye sindromu ya Down wanahimizwa kufahamu tatizo moja lisiloonekana kwa macho: kulegea kwa kiungo cha shingo. Wengi wa watoto hawa hawapati madhara, lakini wachache wanaopata huhitaji matibabu ya haraka ili wasipooze.

Kwa nini shingo hulegea?

Sindromu ya Down hutokana na mtoto kuzaliwa na kromosomu ya 21 ya ziada. Si ugonjwa wa kuambukiza wala si laana. Hali hii hufanya misuli na kano za mwili kuwa legevu, zikiwemo zile zinazoshikilia pingili mbili za juu kabisa za shingo. Pingili hizo zikiteleza, zinaweza kubana ugwe mgongo, ambao ndio njia ya ubongo kuamrisha mikono, miguu na kibofu.

Eksirei huonyesha ulegevu huu kwa takribani mtoto 1 hadi 2 kati ya 10 wenye sindromu hii. Wanaopata dalili ni takribani 1 hadi 2 kati ya 100.

Dalili za hatari

Mpeleke mtoto hospitalini mara moja ukiona:
• analalamika shingo inauma, au ameinamisha kichwa upande mmoja;
• mwendo umebadilika, anaanguka ovyo au anakataa kutembea;
• mikono imekosa nguvu, anaangusha kijiko au kikombe;
• ameanza tena kujikojolea au kujiendea haja kubwa ilhali alikuwa ameshazoea choo.

Usidhani ni utundu au uvivu. Akiwa ameumia shingo, usimbebe kwa bodaboda. Mlaze chali mahali tambarare, kichwa kisitikisike, na uitishe ambulensi.

Je, apigwe eksirei?

Mtoto asiye na dalili hahitaji eksirei ya mara kwa mara. Kabla ya miaka 3 mifupa haijakomaa kiasi cha picha kuaminika, na picha nzuri leo haihakikishi usalama wa kesho. Ndiyo maana jicho la mzazi ni muhimu zaidi. Kila mwendapo kliniki, mwombe mhudumu amkague mwendo na nguvu za mikono na miguu.

Michezo na upasuaji

Mtoto aliye chini ya miaka 6 asiruke kwenye trampolini. Kupinduka kichwangomba, kupiga mbizi kwa kutanguliza kichwa na michezo ya kugongana, kama raga, ni hatari kwake. Mwarifu mwalimu wake. Lakini asifungiwe nyumbani: kutembea, kucheza na wenzake na kucheza ngoma humjenga mwili.

Akihitaji upasuaji wowote, hata wa meno, mkumbushe daktari kuhusu shingo kabla ya dawa ya usingizi, kwani wakati huo kichwa huinuliwa na kugeuzwa.

Ukiwa na wasiwasi, usingoje siku ya kliniki. Fika katika kituo cha afya kilicho karibu nawe.