Kamari ya Michezo Marekani Yafika Njia Panda

Tarehe 14 Mei 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu ambayo watu wengi nje ya nchi ile hawakuishughulikia. Katika shauri baina ya Gavana wa jimbo la New Jersey na chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu, mahakama iliifuta sheria ya mwaka 1992 iliyokuwa ikiyazuia majimbo kuhalalisha kamari ya michezo. Jaji Samuel Alito, aliyeiandika hukumu hiyo, hakusema kwamba kamari ni njema wala kwamba ni mbaya. Alichosema ni kwamba Kongresi haina mamlaka ya kuyaamrisha mabunge ya majimbo yatunge sheria gani au yasitunge sheria gani. Ikiwa inataka kuisimamia kamari, na iisimamie yenyewe. Ikiwa haitaki, kila jimbo lina hiari yake. Msomaji wa visiwani, aliyezoea kusikia mijadala ya mambo ya muungano na yasiyo ya muungano, hatapata taabu kuielewa hoja hiyo.

Tangu siku ile mambo yamekwenda kwa kasi ambayo hata waliofungua shauri hawakuitazamia. Kamari ya michezo sasa ni halali katika majimbo 39 kati ya 50, pamoja na mji mkuu wa Washington. Missouri ndilo lililojiunga mwisho: wapiga kura wake waliridhia mwezi Novemba 2024 kwa tofauti isiyofika kura 3,000 kati ya kura karibu milioni tatu, na dau la kwanza likapokelewa tarehe 1 Desemba 2025. Katika mwaka 2024 peke yake Wamarekani waliweka dau halali za michezo zenye thamani iliyokaribia dola bilioni 150, na kampuni zikabakiwa na kiasi cha dola bilioni 13.7 baada ya kuwalipa walioshinda. Bado hakuna dalili kwamba fedha hizo zinapungua. Lakini fedha kuongezeka ni jambo moja, na soko kuwa na afya ni jambo jingine, na sisi tunaona kwamba biashara hii imefika mahali ambapo mambo hayo mawili yanaachana.

Ili tufahamu ilikotoka, yafaa tukumbuke kwamba Marekani haikuichukia kamari ya michezo kwa sababu ya uchaji peke yake. Mwaka 1919 wachezaji wa timu ya besiboli ya Chicago White Sox walituhumiwa kupokea fedha ili wafungwe na Cincinnati katika fainali za taifa. Baraza la mahakama liliwaachia mwaka 1921, lakini Kenesaw Mountain Landis, jaji aliyekuwa amekabidhiwa uongozi wa mchezo huo, aliwafungia wanane maisha. Kovu hilo halikupona. Kwa muda wa miaka mingi Nevada, iliyoruhusu kamari ya michezo mwaka 1949, ilikuwa kama shamba la peke yake lenye uzio. Sheria ya mwaka 1992, iliyosukumwa na Seneta Bill Bradley, ambaye mwenyewe alikuwa mchezaji mashuhuri wa mpira wa kikapu, iliukaza uzio huo: Nevada ikaachiwa haki yake, pamoja na Oregon, Delaware na Montana kwa kiwango kidogo, na wengine wote wakakatazwa.

La ajabu ni kwamba Bradley alitoka New Jersey, na New Jersey ndiyo iliyokuja kuivunja sheria yake. Jimbo hilo lilikuwa na mji wa Atlantic City ulioishi kwa kasino tangu mwaka 1978. Majirani walipofungua kasino zao, wateja wakapungua, na mwaka 2014 kasino nne kati ya kumi na mbili za mji ule zikafunga milango. Maelfu ya watumishi walipoteza kazi. Kwa hiyo waliokwenda mahakamani walikuwa ni viongozi wa serikali wenye mji unaokufa mikononi mwao, wakitafuta mapato popote yanapoweza kupatikana. Jambo hili linafaa kukumbukwa, kwa kuwa tangu mwanzo sheria hizi zimetungwa kwa jicho la hazina zaidi kuliko jicho la mchezaji.

Na hazina ikishaonja haishibi. New York iliyoanza kuruhusu dau kwa simu Januari 2022 inatoza asilimia 51 ya pato la kampuni, na katika mwaka 2024 ilikusanya zaidi ya dola bilioni moja kwa njia hiyo. Ohio ilianza mwaka 2023 na asilimia 10, na kabla mwaka haujaisha ikaifanya 20. Illinois ilitoka kwenye asilimia 15 ikaweka viwango vinavyopanda hadi 40, kisha kuanzia Julai 2025 ikaongeza ushuru wa senti 25 kwa kila dau, na senti 50 kampuni ikivuka dau milioni 20 kwa mwaka. FanDuel na DraftKings, ambazo kwa pamoja zimelishika sehemu kubwa ya soko, zilijibu kwa kumtoza mteja mwenyewe senti 50 hizo. Aliyedhani kwamba anazitoza kodi kampuni kumbe anamtoza kijana aliyeweka dola mbili.

Hapa ndipo inapobidi kueleza fedha hizi zinavyopatikana, maana wengi hudhani kwamba kampuni hushinda kwa kubashiri vizuri kuliko wateja. Sivyo. Katika dau la kawaida la Marekani mteja huweka dola 110 ili apate faida ya 100. Tuseme wawili wamewekeana, mmoja upande huu na mwingine upande ule. Mezani zipo dola 220. Mshindi anaondoka na 210. Kumi zinabaki kwa mwenye meza, yeyote aliyeshinda. Ni kidogo, si asilimia tano kamili, na Nevada iliishi kwa kidogo hicho miaka na miaka. Mtu anayecheza hivyo hulazimika kupatia zaidi ya mara 52 katika kila 100 ili tu asipoteze.

Lakini sasa kampuni zinamsukuma mteja aunganishe mechi tano au sita katika dau moja, lile ambalo vijana wa pwani yetu wameliita mkeka. Hesabu yake si ngumu. Mechi tano, kila moja ikiwa na nafasi nusu kwa nusu, hutokea zote sawasawa mara moja katika 32. Kwa haki, dola kumi zingerudi 320. Kwa viwango vya dau la 110, zinarudi 253. Sehemu ya mwenye meza imepanda kutoka chini ya asilimia tano hadi zaidi ya ishirini, na mteja haoni ila ile 253 inayong'ara kwenye simu. Ndiyo sababu katika mwaka 2024 kampuni zilibakiwa na zaidi ya dola tisa kwa kila mia iliyowekwa. Ukuaji unaosifiwa katika taarifa za wenye hisa umetokana kwa sehemu kubwa na mkeka huu, yaani na kumkamua zaidi mteja yule yule.

Madhara yake yameanza kuandikwa. Wachumi wa vyuo vikuu viwili vya Los Angeles walitoa utafiti mwaka 2024 uliolinganisha hali ya mikopo ya wananchi katika majimbo yaliyohalalisha na yasiyohalalisha. Waliona kwamba sifa za ukopaji zilishuka na watu kufilisika kukaongezeka, na athari ilikuwa nzito zaidi pale dau zilipoanza kuwekwa kwa mtandao. Zaidi ya dau tisa katika kumi sasa huwekwa namna hiyo. Zamani mchezaji ilimbidi asafiri mpaka Las Vegas. Sasa Las Vegas imelala naye kitandani.

Serikali ya shirikisho nayo inatoza robo ya asilimia moja ya kila dau halali, kodi iliyotungwa katikati ya karne iliyopita. Kwa dau za mwaka 2024 robo hiyo inakaribia dola milioni 375. Hata hivyo haina mfuko wake maalumu wa kuwatibu walionaswa na kamari, kama ilivyo kwa walevi na watumiaji wa madawa. Sisi tunaona aibu kuliandika hili, kwa nchi yenye uwezo ule.

Michezo yenyewe nayo imeguswa. Jontay Porter wa Toronto Raptors alikuwa na deni kwa wacheza kamari. Mwaka 2024 ilibainika kwamba alitoka uwanjani mapema katika mechi mbili kwa kisingizio cha maradhi na maumivu, ili walioweka dau kwamba atafunga pointi chache washinde. Alifungiwa maisha mwezi Aprili, na Julai akakiri kosa mahakamani. Novemba 2025 warushaji wawili wa besiboli wa Cleveland walishtakiwa kwamba walirusha mipira fulani kwa makubaliano na wacheza kamari. Wao walikana, lakini ligi haikungoja hukumu, ikapatana na kampuni kwamba dau juu ya mrusho mmoja lisizidi dola 200. Msomaji ataona tofauti na mwaka 1919. Wakati ule ilihitajika karibu timu nzima ili kuuza fainali. Leo anatosha mtu mmoja na mpira mmoja.

Watetezi wa uhalalishaji husema kwamba kamari ilikuwapo gizani na bora imulikwe. Hoja hiyo ina uzito, na Adam Silver, mkuu wa ligi ya mpira wa kikapu, aliitoa mwaka 2014 wakati wenzake wakipinga. Yule mkalimani wa mchezaji Shohei Ohtani, aliyemwibia bosi wake karibu dola milioni 17, aliziweka kwa mchezeshaji haramu huko California, ambako kamari ya michezo haijaruhusiwa. Wapiga kura wa California walikataa mapendekezo mawili Novemba 2022, ingawa pande zote zilitumia zaidi ya dola milioni 400 kuwashawishi, na hakuna anayeweza kulifungua jimbo hilo bila ridhaa ya makabila ya wenyeji yenye kasino. Texas nayo bado imefunga. Bunge lake hukutana kila baada ya miaka miwili, na Seneti yake haijaonyesha moyo. Kwa hiyo njia ya kukua kwa kuongeza majimbo imebaki nyembamba.

Katika Kongresi, Paul Tonko na Seneta Richard Blumenthal wamepeleka mswada wa kupunguza matangazo wakati wa mechi, kuzuia kadi za mikopo na kumwekea mteja kikomo cha kuingiza fedha mara tano kwa siku. Haujapata waungaji wa kutosha. Wakati wabunge wanasita, mlango mwingine umefunguka. Tangu Januari 2025 kampuni ya Kalshi inauza mikataba ya ndiyo au hapana juu ya matokeo ya michezo, ikidai kwamba hii si kamari bali ni biashara ya mikataba kama ile ya mahindi na mafuta, iliyo chini ya tume ya serikali ya shirikisho. Mteja wa miaka 18 anaweza kununua, wakati majimbo mengi yanataka 21, na jimbo halipati kodi. Nevada, New Jersey na Maryland ziliitaka isimame, Kalshi ikazishtaki mahakamani, na mwaka 2025 majaji walitoa maamuzi yaliyopingana. Mwisho wa mwaka huo FanDuel na DraftKings zenyewe zikaingia katika biashara hiyo, jambo linalotuonyesha wanakouona upepo.

Mfano ulio karibu na nyoyo za watu wa visiwa ni Hawaii. Ni moja ya majimbo mawili, pamoja na Utah, yasiyoruhusu kamari ya aina yoyote, hata bahati nasibu ya serikali. Si kwamba watu wake hawachezi: wamezoea kupanda ndege kwenda Las Vegas kwa wingi kiasi kwamba mji ule wameubandika jina la kisiwa cha tisa, baada ya vile vinane vyao. Mwaka 2025 mswada wa kuhalalisha dau za simu ulipita katika Baraza la Wawakilishi na katika Seneti, na polisi wa Honolulu wakiwa miongoni mwa waliopinga. Mwezi Aprili ulikufa katika kamati ya maafikiano, kwa kuwa mabaraza mawili hayakuafikiana juu ya masharti yake. Miezi mitatu kabla ya hapo, bila kura yoyote kupigwa visiwani humo, kijana wa Honolulu alikuwa tayari anaweza kuifungua simu yake na kununua mkataba juu ya mechi ya usiku ule.