Rai ya Mpikaji na Kopo la Mkaa (Sehemu ya Pili)

Katika makala iliyotangulia tulieleza namna miombo ya Morogoro na Pwani inavyokatwa ili majiko ya Dar es Salaam yapate kuwaka. Leo yatupasa kulitazama jambo lililo zito zaidi, nalo ni rai ya mpikaji mwenyewe, kwa kuwa wako wengi waliokwisha kumhukumu kuwa ni jahili asiyefahamu taathira ya kukata miti.

Hukumu hiyo haina insafu. Mwulize mama yeyote wa Mbagala au Manzese, naye atakueleza, pasipo kufundishwa na mtu, kwamba mvua za vuli haziaminiki tena na kwamba mkaa sasa watoka mbali. Kisha atainama mbele ya muuza mkaa, alitazame kopo likijazwa mpaka lifanye kichuguu, aombe nyongeza ya vipande viwili, na kuutia katika ndoo yake. Mimi siuoni unafiki hapo. Masurufu ya nyumba yake hutokana na kibarua cha siku, nao mkaa huuzwa kwa kipimo cha siku, ilhali mtungi wa gesi, hata ule mdogo wa kilo 6, hudai fedha zote kwa mkupuo. Na maharage, yakaayo motoni saa mbili, huyahofia kuwa yataimaliza gesi kabla ya mwisho wa mwezi.

Ndiyo maana marufuku ya mkaa ya Januari 2006 haikudumu ila majuma machache, kwani chungu hakingoji amri. Sasa tunao Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unaokusudia asilimia 80 ya Watanzania waitumie nishati hiyo ifikapo 2034. Kadhalika taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimeamriwa ziache kuni na mkaa. Nausifu mkakati huo kwa dhati, na shule yenye bajeti yaweza kuutii. Lakini fukara hana bajeti, ana mia mbili mia tatu za leo. Dar es Salaam zimekwisha kuonekana mita zinazomwezesha mtu kulipia gesi kidogo kidogo kwa simu, na hapo ndipo ilipo njia.

Nawasihi wenye mamlaka walitazame kopo la mkaa kwa makini, wakahakikishe gesi inauzwa kwa kipimo hichohicho.