Abdul Ghaffar Khan na Jeshi Lisilobeba Bunduki (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulimwacha Abdul Ghaffar Khan akiwa kijana wa Utmanzai, kijiji cha Wapashtuni karibu na Peshawar, aliyekataa uofisa katika jeshi la Mwingereza na kuamua kuwafungulia shule watoto wa kwao. Shule hizo ndizo zilizompeleka jela. Serikali ya kikoloni haikutaka Wapashtuni wajisomeshe kwa mpango wao wenyewe, na mwaka 1921 ikamfunga miaka mitatu na kazi ngumu.

Ili kupima uzito wa jambo alilolifanya mwaka 1929, lazima tuwajue Wapashtuni. Kwao kisasi, ambacho wao hukiita badal, ni deni la ukoo. Baba akiuawa, mwana hurithi deni. Asipolilipa, litamngoja mjukuu. Bunduki ilikuwa sehemu ya mavazi ya mwanamume. Waingereza walikwisha kuwazoea hivyo: wakiasi, jeshi hutumwa, vijiji huchomwa, faini hutozwa.

Kwa watu hao ndiko alikounda Khudai Khidmatgar, yaani Watumishi wa Mungu. Aliyejiunga aliapa kwamba, kwa kuwa Mungu hana haja ya kuhudumiwa, atawahudumia viumbe wake, ataacha ukatili na kisasi, atamsamehe aliyemdhulumu, na kila siku atatoa saa mbili kwa kazi za jamii. Walikuwa na makamanda, gwaride na ngoma, kama jeshi lolote. Nguo nyeupe zilipochafuka upesi, wakazitia rangi nyekundu ya matofali. Waingereza wakawaita Mashati Mekundu na kuwashuku kuwa mawakala wa Urusi.

Wapo wanaosema yote haya aliyaazima kwa Gandhi. Ni kweli walipendana sana na kusafiri pamoja. Lakini shule yake ya kwanza aliifungua mwaka 1910, Gandhi akiwa bado Afrika Kusini, na wafuasi wake aliwaambia kwamba silaha anayowapa ni ya Mtume mwenyewe: subira na uadilifu. Mimi naona kumfanya kivuli cha Gandhi ni kumpunja yeye, na ni kuupunja Uislamu aliousoma na kuuishi.

Tarehe 23 Aprili 1930 Ghaffar Khan alikamatwa. Siku hiyohiyo, mjini Peshawar, umati ulijaa katika soko la Qissa Khwani kupinga kukamatwa kwa viongozi wao. Magari ya deraya yakaingia kwa kasi katikati ya watu na kuwaponda baadhi yao. Wananchi wakasema wako tayari kuondoka iwapo wataruhusiwa kubeba maiti na majeruhi wao, na askari nao waondoke. Amri iliyofuata ilikuwa ya kupiga risasi. Waliokuwa mbele walipoanguka, wa nyuma walisogea wakachukua nafasi zao, vifua wazi. Hali ikaendelea hivyo kwa saa kadhaa. Serikali ilikiri vifo vya watu wachache tu. Wananchi walihesabu mamia.

Kisha likatokea jambo lililowatetemesha watawala kuliko ghasia zozote. Askari wa kikosi cha Garhwal, Wahindu walioamriwa kuwapiga risasi Waislamu wasio na silaha, walikataa. Walijua fika kinachomngoja askari anayekaidi amri. Wakapelekwa mahakama ya kijeshi, na Chandra Singh Garhwali, mmoja wa viongozi wao, akahukumiwa kifungo cha maisha.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya viboko, nyumba kuchomwa na mashamba kuharibiwa. Katika nchi ambayo kila nyumba ilijua kutumia bunduki, Mashati Mekundu hawakulipiza kisasi, na idadi yao ilipanda ikafika makumi ya maelfu. Utawala ulikuwa na mbinu za kila namna za kupambana na Mpashtuni aliyeshika silaha. Huyu aliyeiweka chini haukumpatia dawa.

Juma lijalo tutaingia mwaka 1947, India ilipogawanywa, tuone kwa nini mtu huyu alifungwa tena, safari hii na serikali ya Pakistan huru.